Mazoezi ya Pumzi na Afya ya Moyo Miongoni mwa Vijana Wamarekani Weusi

Utangulizi

Kama mnavyojua, katika somo la kusoma na kufasiri matini za kisayansi wanafunzi wetu huleta habari walizozipata katika majarida ya nje, nasi tunazijadili pamoja kwa Kiswahili. Muhula uliopita, mada iliyozua mjadala mrefu kuliko zote ilihusu afya ya moyo na mishipa ya damu miongoni mwa vijana Wamarekani Weusi. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali lililofanya darasa zima linyamaze: "Mwalimu, hawa si ndio tunaowaona kwenye runinga wakishinda mbio na mpira wa kikapu? Iweje mioyo yao iwe na taabu kuliko ya wenzao?"

Swali hilo tumeona tulijibu kwa maandishi, maana linawahusu wengi. Katika makala haya tutaeleza mambo manne: ukubwa wa tatizo lenyewe, kinachotokea ndani ya mishipa ya kijana, kazi inayofanywa na mazoezi, na mwisho, kwa nini mazoezi peke yake hayawezi kuliziba pengo hilo.

Kabla ya hayo, tukubaliane juu ya neno moja. Vitabuni tutakuta "mazoezi ya ustahimilivu". Uwanjani watu husema "mazoezi ya pumzi", kama vile mashabiki wasemavyo kwamba mchezaji fulani ana pumzi. Maana ni ileile: kazi ya misuli mikubwa inayoendelea kwa muda mrefu bila kukatika, kama vile kutembea haraka, kukimbia mwendo wa wastani, kuendesha baiskeli au kuogelea. Moyo hudunda kwa kasi, lakini mtu bado anaweza kusema sentensi fupi na mwenzake. Kunyanyua vyuma, au kufyatuka mbio za mita 100, ni mazoezi ya aina nyingine.

Ukubwa wa tatizo

Takwimu za Serikali ya Marekani za miaka ya 2017 na 2018 zilionesha kwamba katika kila watu wazima 100 Weusi, 57 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Kwa Wazungu walikuwa takriban 44. Kipimo kilichotumika ni kile kilichokubaliwa na madaktari wa huko mwaka 2017, yaani 130 kwa 80 na kuendelea. Shinikizo hilo, ambalo wengi wetu tunaliita presha, ndilo mlango wa kiharusi, wa ugonjwa wa figo na wa moyo kuchoka.

Hata hivyo, takwimu hizo ni za watu wazima wa rika zote. Mtu anaweza kudhani kwamba ni habari ya wazee tu. Sivyo. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walianza kuwafuatilia vijana 5,115, Weusi na Wazungu, wenye umri wa miaka 18 hadi 30, katika miji minne: Birmingham, Chicago, Minneapolis na Oakland. Utafiti huo unajulikana kwa jina la CARDIA. Mwaka 2009, baada ya takriban miaka 20 ya kuwafuatilia, watafiti walitoa taarifa kuhusu wale waliopatwa na ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu ya kutosha kabla ya kufikisha miaka 50. Walikuwa 27. Kati ya hao 27, Weusi walikuwa 26.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapo. Vijana hao walianza safari pamoja, wakapimwa kwa vifaa vilevile, tena karibu nusu yao walikuwa Wazungu. Ugonjwa ambao kwa kawaida tunauhusisha na babu na bibi uliwapata watu wa makamo, wazazi wenye watoto wa shule, na karibu wote walikuwa wa upande mmoja. Zaidi ya hayo, dalili za mwanzo, hasa presha iliyopanda na uzito uliozidi, zilikuwa zimeonekana kwao miaka mingi kabla, wakiwa bado vijana. Kwa hiyo anayetaka kuzuia maradhi haya hana budi kuanza na kijana wa chuo, asisubiri mzee afike hospitalini.

Kinachotokea ndani ya mishipa

Sasa tuingie ndani ya mwili. Tuchukue mfano wa mpira wa kumwagilia bustani. Mpira mpya ni laini: ukifungulia maji kwa nguvu, unatanuka kidogo na kuyapokea. Mpira uliokaa juani miaka mingi hukakamaa. Maji yakija kwa kishindo hautanuki, na kishindo chote kinabaki ndani yake.

Mishipa mikubwa inayotoa damu moyoni ni kama mpira huo. Kila moyo unapopiga, wimbi la damu hukimbia kuelekea kichwani, mikononi na miguuni. Likifika kwenye mishipa midogo, sehemu ya wimbi hilo hugonga na kurudi, kama mwangwi unavyorudi kutoka mlimani. Katika mishipa laini wimbi husafiri polepole na mwangwi hurudi wakati moyo umeshapumzika. Hapo hauna madhara, na kwa kweli husaidia kuulisha moyo wenyewe. Katika mishipa iliyokakamaa wimbi husafiri kwa kasi, na mwangwi hurudi mapema, wakati moyo bado unasukuma. Moyo basi hulazimika kusukuma dhidi ya wimbi lake wenyewe. Ukifanya hivyo mara 100,000 kwa siku, mwaka baada ya mwaka, ukuta wake hunenepa na hatimaye huchoka.

Kuna jambo la pili. Ndani kabisa ya mshipa kuna utando mwembamba mno, wenye tabaka moja tu la chembehai. Zamani ulidhaniwa kuwa ni kama rangi ya ukutani, isiyo na kazi zaidi ya kufunika. Leo tunajua kwamba utando huo ni kiwanda. Hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, ambayo huuamuru mshipa ulegee na kupanuka. Wanasayansi watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1998 kwa kuigundua kazi hiyo ya gesi hiyo. Utando ukidhoofika, gesi hupungua, na mshipa hushindwa kupanuka unapohitajika.

Watafiti hupimaje mambo haya bila kumpasua mtu? Ukakamavu hupimwa kwa kuweka vifaa vidogo shingoni na kwenye kinena, kisha kuhesabu muda ambao wimbi la damu linachukua kutoka pointi moja hadi nyingine; kasi ikiwa kubwa, mshipa ni mgumu. Afya ya utando hupimwa kwa kufunga mkanda wa presha mkononi kwa dakika tano, damu ikazuiwa, kisha ukafunguliwa ghafla. Damu inaporudi kwa nguvu, mshipa wenye afya hupanuka, na kiasi cha kupanuka kwake huonekana kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ileile inayotumika kumtazama mtoto tumboni.

Vipimo hivi ndivyo vilivyoleta habari ya kushtusha. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, akiwamo Kevin Heffernan na Bo Fernhall, walichapisha matokeo ya kuwapima vijana wa kiume, Weusi na Wazungu, wasio na ugonjwa wowote. Walipopima presha mkononi, kama tunavyopimwa sote zahanati, hawakuona tofauti ya maana. Walipokadiria presha ndani ya mshipa mkuu karibu na moyo, waliikuta juu zaidi kwa vijana Weusi. Mshipa wa shingo ulikuwa mkakamavu zaidi, na mishipa midogo ya mkono ilipanuka kidogo kuliko ya vijana Wazungu.

Maana yake ni nini? Ni kwamba kijana anaweza kwenda zahanati, akafungwa mkanda, akaambiwa "uko salama", naye akaondoka kwa furaha, ilhali mishipa yake imekwisha kuanza kuzeeka.

Mazoezi yanafanya nini

Habari njema ni kwamba mazoezi ya pumzi hufanya kazi mahali palepale penye tatizo. Mtu anapokimbia, damu hupita kwa wingi na kuusugua ule utando wa ndani. Msuguo huo ndio ishara ya kiwanda kuzalisha naitriki oksaidi. Zoezi moja huleta nafuu ya saa chache. Zoezi linalorudiwa wiki hadi wiki huufundisha utando kuzalisha zaidi, mishipa ikalainika, mapigo ya moyo wakati wa kupumzika yakapungua, na moyo ukasukuma damu nyingi kwa pigo moja. Ndiyo sababu mtu mwenye pumzi hupanda ngazi akizungumza huku mwenzake akihema.

Ushahidi upo. Katika utafiti wa CARDIA tuliokwisha kuutaja, vijana walipimwa pumzi kwa kutembea na kukimbia juu ya mashine. Mwaka 2003 ilitolewa taarifa kwamba baada ya miaka 15, wale waliokuwa na pumzi kidogo kabisa walikuwa na uwezekano wa mara 3 hadi 6 zaidi wa kupata presha ya juu au kisukari kuliko wale waliokuwa na pumzi nyingi. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na uzito wa mwili, lakini hata uzito ulipozingatiwa, tofauti haikuisha.

Aidha, mwaka 1995 Peter Kokkinos na wenzake walichapisha utafiti wa wanaume 46 Wamarekani Weusi waliokuwa na presha kali na wakitumia dawa. Nusu waliendelea na dawa tu. Nusu waliongezewa kuendesha baiskeli ya ndani mara tatu kwa wiki. Baada ya wiki 16, presha ya chini ya waendesha baiskeli ilishuka kwa wastani kutoka 88 hadi 83, na ukuta wa moyo uliokuwa umenenepa ulianza kupungua. Baadhi yao hata waliweza kupunguziwa dawa. Katika Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, kundi la Michael Brown liliwafundisha mazoezi ya pumzi kwa miezi sita watu wazima Weusi ambao hawakuwa na desturi ya mazoezi, na utando wa mishipa yao ukaonesha afya bora kuliko mwanzo.

Tunasisitiza jambo moja. Tafiti hizi mbili za mwisho ziliwahusu zaidi watu wa makamo na wazee, ambao mishipa yao ilikuwa imekwisha kuumia. Ikiwa mshipa wa mtu wa miaka 50 unaweza kurudisha ulaini, basi wa kijana wa miaka 20 una matumaini makubwa zaidi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Je, ni damu au ni mazingira?

Hapa ndipo mjadala wa darasani ulipopamba moto. Baadhi ya wanafunzi walisema: "Basi ni asili yetu. Mtu mweusi kaumbwa na presha." Fikra hiyo imeenea hata miongoni mwa wasomi, lakini haisimami mbele ya ushahidi.

Mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake walichapisha ulinganisho wa jamii saba zenye asili ya Afrika Magharibi. Nchini Nigeria na Kamerun, presha ya juu ilikuwa kwa watu 16 katika kila 100. Katika visiwa vya Karibi, 26. Katika mji wa Maywood karibu na Chicago, 33. Asili ni moja, lakini kadiri watu walivyosogea kuelekea maisha ya Marekani, ndivyo presha ilivyopanda. Mwaka 2005 Cooper alilinganisha tena, safari hii akiwaingiza Wazungu wa Ulaya, na ikaonekana kwamba Wajerumani walikuwa na presha ya juu kuliko hata Wamarekani Weusi. Hakuna aliyesema kwamba Wajerumani wameumbwa na presha.

Tunao ushahidi mwingine kutoka jirani kabisa. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Presha yao ilianza kupanda mapema sana baada ya kufika mjini, ikiambatana na chumvi nyingi zaidi katika mkojo. Watu hawa hawakubadilisha damu ndani ya basi. Walichobadilisha ni chakula, kazi, makazi na wasiwasi.

Kwa Wamarekani Weusi, wasiwasi huo una historia ndefu. Mtafiti Sherman James alitoa hoja, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwamba wapo watu wanaopambana na ubaguzi na umaskini kwa kujituma bila kupumzika, na kwamba juhudi hiyo isiyo na msaada huwapandisha presha. Hali hiyo aliipa jina la John Henry, mchimba njia ya reli wa katika hadithi za Weusi, aliyeshindana na mashine kwa nyundo yake, akaishinda, kisha akaanguka na kufa. Kwetu sisi watu wa lugha, jambo hili linafundisha. Neno ustahimilivu lina sura mbili. Upo ustahimilivu wa mkimbiaji, ambao humjenga kwa sababu baada yake kuna mapumziko. Na upo ustahimilivu wa anayebebeshwa mzigo usiotuliwa, ambao humla polepole.

Barabara ya kukimbilia

Tukifika hapo tunaelewa kwa nini haitoshi kumwambia kijana, "Nenda kakimbie." Miongozo ya Marekani ya mwaka 2018 inapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 za mazoezi makali. Lakini akakimbilie wapi? Katika miaka ya 1930 ramani za mikopo ya nyumba ziliipaka rangi nyekundu mitaa mingi ya Weusi, ikanyimwa fedha. Athari zake zinaonekana hadi leo katika uhaba wa bustani, miti na njia za miguu. Mabwawa ya kuogelea ya umma yalikuwa ya kibaguzi. Yalipoamriwa kupokea watu wote, miji mingine iliona afadhali kuyafunga.

Tena kuna hofu ya maisha yenyewe. Tarehe 23 Februari 2020, kijana Mweusi Ahmaud Arbery, mwenye umri wa miaka 25, alikuwa akikimbia katika mtaa mmoja karibu na mji wa Brunswick, jimboni Georgia. Wazungu watatu walimfuata kwa magari, na mmoja wao akampiga risasi akafa. Wote watatu walipatikana na hatia ya mauaji mwezi Novemba 2021. Baada ya tukio hilo, ni mzazi gani Mweusi asiyefikiri mara mbili anapomwona mwanawe akifunga kamba za viatu?

Pamoja na hayo, Wamarekani Weusi hawakukaa wakisubiri. Ted Corbitt, Mmarekani Mweusi wa kwanza kukimbia marathoni ya Olimpiki, mjini Helsinki mwaka 1952, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha wakimbiaji wa barabarani cha New York kilipoanzishwa mwaka 1958. Mwaka 2009 Toni Carey na Ashley Hicks walianzisha Black Girls RUN!, kikundi cha wanawake wanaokimbia pamoja. T. Morgan Dixon na Vanessa Garrison walianzisha GirlTrek, kinachowahimiza wanawake Weusi kutembea kila siku. Siri ya vikundi hivi ni wingi: anayekimbia peke yake hutiliwa shaka, lakini wakiwa 20 wanaimba na kusalimiana, mtaa ni wao. Waliopitia mchakamchaka wa alfajiri shuleni au jeshini hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Hitimisho

Tulianza na swali la mwanafunzi. Jibu letu ni hili: wanariadha wachache tunaowaona kwenye runinga si kipimo cha afya ya mamilioni. Pengo la afya ya moyo huanza mapema, ndani ya mishipa, kabla mkanda wa presha haujalionesha. Mazoezi ya pumzi hulipunguza kwa kugusa mahali penyewe. Lakini pengo hilo halikutengenezwa na uvivu wala damu, na halitazibwa na viatu vya raba peke yake. Linahitaji pia mitaa salama, chakula bora, tiba na haki.

Nasi hapa Uganda, vijana wanahama vijiji kwa wingi kuja Kampala, kama Wajaluo wale walivyohamia Nairobi. Tusijidanganye kwamba jambo hili ni la ng'ambo. Tuwe na desturi ya kupima presha tukingali vijana, tupunguze chumvi, na tuvipande vilima vyetu kwa miguu. Mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kabla ya kuanza.

Msamiati

Ukakamavu wa mishipa: hali ya mishipa kupoteza ulaini wake na kushindwa kutanuka.
Kiharusi: kupooza ghafla kwa sababu ya damu kuziba au kuvuja katika ubongo.
Utando: ngozi nyembamba inayofunika kitu ndani au nje.
Mwangwi: sauti au wimbi linalogonga na kurudi.
Mchakamchaka: kukimbia kwa kikundi huku watu wakiimba.

Maswali ya mjadala

1. Kwa nini presha ya mkononi inaweza kuonekana sawa ilhali mishipa imeanza kuharibika?
2. Linganisha utafiti wa Maywood na ule wa Wajaluo wa Nairobi. Vinatufundisha jambo gani moja?
3. Eleza sura mbili za neno "ustahimilivu" kwa mifano kutoka katika jamii yako.

Majibu na maoni yenu tunayasubiri ofisini kwetu kabla ya toleo lijalo.